Nani Namba Moja? Uhakiki wa Orodha za Chipukizi wa Soka

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vyetu umezoea riwaya, tamthiliya, ushairi na, siku ikiwa njema, ngano na methali. Ipo matini nyingine ambayo wengi wetu tunaitunga kila wiki wala hatuiiti matini: orodha ya vijana wa soka wanaotazamiwa kufika mbali. Hapa Mtumba orodha hiyo hutungwa kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye kibanda umiza wakati wa mapumziko, na kando ya viwanja vya vumbi ambako watumishi waliohamia na wizara zao husimama pamoja na wenyeji wa Mtumba na Ihumwa. Dogo fulani wa kwanza, dogo fulani wa pili, hivyo hivyo mpaka kumi. Huyu atacheza Simba, yule atakwenda Ulaya, huyu wa saba naye "akipata mtu wa kumshika mkono". Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo ni uhakiki kamili, na kwa hiyo hapana budi idaiwe kile tunachomdai mhakiki yeyote, yaani sababu.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenzetu waliolelewa katika uhakiki wa kijamii. Watasema kwamba kuwapanga watoto kwa namba ni tabia ya soko. Ni kuwapeleka mnadani Msalato na kuwapapasa nundu. Hoja hiyo ina uzito wake, maana mtoto wa miaka kumi na tano si ndama. Lakini wenzetu hao hawajajibu swali dogo: orodha ikifutwa, nani atachaguliwa? Timu ya UMISSETA ya wilaya itahitaji wachezaji vilevile, na kocha atapigiwa simu vilevile. Mtumba ya leo si ile ya kabla ya mwaka 2019, ofisi za kwanza za Mji wa Serikali zilipofunguliwa. Sasa katika kiwanja kimoja wanacheza mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima wa mtama, na mmoja wao ana baba mwenye namba ya simu ya kocha. Orodha iliyotajwa hadharani, yenye sababu ambazo mtu yeyote anaweza kuzibishia, ndiyo kinga aliyonayo huyo wa pili. Orodha isiyo na sababu ni kujuana kulekule kulikobadilisha jezi. Kwa hiyo mimi ni mtetezi wa orodha, tena mtungaji wake, na ukali nitakaoutumia hapa chini ni ukali wa mtu wa ndani.

Tuitazame fani yake kwanza. Orodha ya kijiweni ni fasihi simulizi kwa kila kigezo tulichofundishwa: ina fanani, ina hadhira inayomkatiza, na inabadilika kila inapotendwa. Jumamosi kijana ni wa tatu, Jumapili akikosa penalti ni wa tisa. Kila jina huja na tukio moja tu la kulithibitisha: "yule aliyewalaza mabeki watatu pale shuleni". Tukio hilo likisharudiwa mara nne, mabeki wanakuwa watano. Mhusika anayejengwa kwa tukio moja tunamwita mhusika bapa, na katika mtihani tungemkata alama mwandishi aliyemjenga hivyo. Kijiweni tunampigia makofi.

Kubwa zaidi katika fani hii ni jina la utani. Zamani soka letu liliwahi kutoa majina yaliyokuwa sitiari kwelikweli. Sunday Manara, aliyekuja kucheza Uholanzi akiwa na Heracles, aliitwa Kompyuta. Hebu lipime jina hilo: linasema kitu kuhusu namna mtu anavyofikiri akiwa na mpira, na linasema kwa chombo ambacho wasikilizaji wengi wa miaka ya 1970 hawakuwahi kukiona kwa macho. Ni taswira inayohitaji hadhira ifanye kazi. Baadaye tukahamia katika kuazima majina ya watu. Haruna Moshi akawa Boban, Ramadhani Singano akawa Messi. Wote wawili walikuwa wachezaji wazuri wa ligi yetu na hakuna anayewavunjia heshima hapa. Ninachokihoji ni kazi ya jina. Ukimwita mtu Kompyuta, umemweleza. Ukimwita Messi, umempa deni, na kila mechi watu wanakuja kudai.

Mfano ulio karibu zaidi ni Kelvin John. Aliitwa Mbappe akiwa bado katika Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ambayo mwaka 2019 ilicheza fainali za Afrika hapa hapa nyumbani, Dar es Salaam. Timu hiyo ilifungwa mechi zote tatu: na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Kijana akaenda kusoma na kucheza Uingereza, mwaka 2021 akasaini Genk ya Ubelgiji, mwaka 2024 akahamia AaB ya Denmark. Kwa kijana yeyote wa Tanzania hiyo ni safari ya kujivunia. Lakini nenda kijiweni leo utamsikia mtu akisema kwa masikitiko kwamba "dogo hajafika". Hajafika wapi? Hajafika kwa Mbappe! Kylian Mbappé alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 19. Tulimpima kijana wetu kwa mtu ambaye vizazi vizima vya Wafaransa havikutoa wa kufanana naye, kisha tukamwandikia kufeli. Kosa hilo ni la msimulizi aliyetumia kisengerembele, akatusimulia mwisho wa hadithi kabla haijafika katikati, na sasa analalamika kwamba mhusika hakuufuata mwisho huo.

Tukija katika maudhui, jambo linalonisumbua zaidi ni umri. Hapa lugha yetu imetuzidi akili, maana tunalo neno zuri, kijeba, na tunalitumia kwa kicheko. Kijeba ni yule mwenye ndevu anayecheza na watoto. Orodha zetu hazimwoni kwa sababu zinatazama matokeo: nani kafunga mengi, nani kawasukuma wenzake. Kijana wa miaka ishirini akiwasukuma wa miaka kumi na sita, hilo halina habari ndani yake. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2017 gurudumu likageuka: Kongo Brazzaville iliondolewa baada ya mchezaji wake kutokufika kwenye kipimo cha MRI, na nafasi yake tukaichukua sisi. Mara ya kwanza tulisema tumeonewa, mara ya pili tukasema haki imetendeka. Huo ndio uhakiki wa shabiki ulivyo.

Ndugu zetu wa Uganda walionja hilo katika mchezo mwingine kabisa. Mwaka 2011 watoto wao walishinda nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakanyimwa viza kwa sababu kumbukumbu za umri hazikulingana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikaenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Lakini kijeba ni nusu ya tatizo la umri, na ni ile nusu rahisi. Nusu ngumu ni watoto wasiodanganya. Mashindano ya vijana huhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanahesabiwa kuwa sawa ilhali mmoja kamtangulia mwenzake kwa karibu mwaka mzima. Katika miaka kumi na minne, mwaka mmoja ni kifua, ni sauti, ni urefu wa mguu. Watafiti wa michezo waliligundua hilo zamani kwa wachezaji wa magongo ya barafu wa Kanada, na limeonekana katika soka pia: timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Sasa kumbuka kwamba Mbwana Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Katika kundi la rika lake alikuwa karibu mdogo kuliko wote. Tungekuwa na orodha ya waliozaliwa 1992 tukaipanga walipokuwa na miaka kumi na minne, kwa vigezo vyetu vya kifua na mabao, sijui angekuwa wa ngapi, ila wa kwanza nina shaka. Yeye alipitia African Lyon, akaingia Simba mwaka 2010, na mwaka 2011 TP Mazembe wakamwona alipocheza dhidi yao katika Ligi ya Mabingwa wakamchukua. Mwaka 2015 alikuwa mfungaji bora wa mashindano hayo na mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Januari 2016 akaenda Genk, msimu wa 2018/19 akawa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi ya Ubelgiji, na Machi 2020 alifunga bao Wembley akiwa na Aston Villa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mtu wa Desemba, jamani.

Somo la namna ya kupanga tunaweza kulipata kwa hao hao Wamarekani na besiboli yao, mchezo ambao wengi wetu hatuujui hata unavyochezwa. Wana ligi kuu na chini yake ngazi kadhaa za ligi ndogo zilizojaa vijana, na kuna jarida, Baseball America, ambalo tangu mwaka 1990 limekuwa likitoa orodha ya chipukizi mia moja. Mashabiki wanaigombania orodha hiyo kama sisi tunavyogombania Simba na Yanga. Ila wasaka vipaji wao wana desturi moja ambayo ningependa tuiibe. Kila uwezo wa kijana, kukimbia, kurusha, kupiga, huupa namba kati ya 20 na 80, na 50 ni kiwango cha kawaida cha mchezaji wa ligi kuu. Kisha kwa kila uwezo huandika namba mbili: alivyo leo, na anavyoweza kuwa. Kijana anaweza kuwa 30 leo na 60 kesho. Hapo ndipo ubishi unapokuwa na maana, kwa sababu msomaji anajua kama anabishia macho ya mhakiki au utabiri wake.

Orodha zetu huchanganya hayo mawili katika chungu kimoja. "Namba moja" maana yake nini? Ndiye bora leo? Ndiye atakayekuwa bora akifika miaka ishirini na tano? Ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kupata hata mkataba wa ligi daraja la kwanza akaacha kuosha pikipiki? Hayo ni maswali matatu, na majibu yake ni majina matatu. Yule mwenye kilele kirefu kuliko wote aghalabu ndiye mwenye hatari kubwa ya kuanguka, na yule wa uhakika mara nyingi hasisimui mtu.

Wala mtu asidhani kwamba wenye namba mbili hawakosei. Mwaka 1991 klabu ya New York Yankees ilimchagua kijana mrushaji, Brien Taylor, akiwa wa kwanza kabisa nchini, ikamlipa dola milioni 1.55, na mwaka 1992 jarida hilo likamweka namba moja katika mia yake. Desemba 1993 aliumia bega katika ugomvi. Hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Upande wa pili yupo Mike Piazza, aliyechaguliwa mwaka 1988 katika duru ya 62, akiwa mtu wa 1,390, na mwaka 2016 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Wenye haraka watasema basi orodha zote ni bahati nasibu. Sikubali. Taylor alikuwa kweli ana mkono wa ajabu. Walichokisema kuhusu alivyo mwaka 1992 kilikuwa sahihi, na bega halikuwa limeumia bado. Uhakiki unapimwa kwa ushahidi uliokuwapo ulipoandikwa. Nasi tunaposoma uhakiki wa riwaya ulioandikwa miaka thelathini iliyopita hatumlaumu mhakiki kwa kutokujua riwaya ya pili ya mwandishi huyo.

Liko kosa jingine la maudhui ambalo ni letu hasa, nalo ni kupenda washambuliaji. Chukua Serengeti Boys ya mwaka 2017, ile iliyokwenda Gabon kwa nafasi ya Kongo. Ilitoka sare 0-0 na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa na Niger 1-0, ikatolewa huku ikiwa na pointi nne sawa na Niger. Mechi tatu, mabao mawili ya kufunga na mawili ya kufungwa. Hiyo ni timu ya mabeki! Na kweli, katika kikosi kile walikuwamo Dickson Job na Kibwana Shomari, mabeki waliopitia Mtibwa Sugar wakafika Yanga na timu ya taifa. Sasa jiulize ni mara ngapi umesikia beki wa miaka kumi na sita akiwa namba moja kijiweni. Sababu yake ni ya kifasihi. Bao lina mwanzo, kati na mwisho, linasimulika. Kazi ya beki ni jambo lililokaribia kutokea lakini halikutokea, na masimulizi yetu hayana njia nzuri ya kusimulia kisichotokea. Beki anayesoma mchezo mapema hatelezi chini, hachafui kaptula, na hadhira inaondoka ikidhani hakuwa na kazi siku hiyo. Wahakiki tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, sisi tunaofundishwa kwamba kisichosemwa katika shairi nacho ni sehemu ya shairi.

Na mabinti? Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mara ya kwanza kwa timu ya soka ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa na Japani 4-0, wakainuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Kolombia 3-0. Yaani timu pekee ya vijana wetu iliyofika nane bora za dunia ilikuwa ya wasichana. Nimesikiliza orodha nyingi sana hapa Mtumba tangu wakati huo, na sijasikia iliyo na jina la msichana hata nafasi ya kumi. Mtu akiuliza anajibiwa "hao wana orodha yao". Iko wapi? Nani kaitunga? Darasani tunawakosoa waandishi wanaomweka mwanamke jikoni katika sura zote ishirini. Huyu wa kijiweni hakumweka popote, na hatujamwandikia hata aya moja.

Nijibu sasa swali ambalo msomaji ana haki ya kuniuliza, kwamba wewe unapangaje. Kwanza nauliza umri, na nikiona unatia shaka nautazama mchezo wake dhidi ya wakubwa, si dhidi ya wadogo. Kijana wa kidato cha pili anayehimili dakika tisini za ndondo dhidi ya watu wazima ananiambia mengi kuliko mabao sita ya bonanza la shule. Pili, simtazami akiwa na mpira. Namtazama sekunde mbili kabla haujamfikia: je, kageuza shingo kuangalia nyuma yake? Kuna makocha wanaosema hilo hufundishika. Huenda, lakini mtoto aliyejifunza mwenyewe kwenye chandimu, mpira wa matambara, bila kuambiwa na mtu, kanitangulizia kazi. Urefu siupi alama chini ya miaka kumi na sita, mbio nazipa kidogo. Mwisho naandika namba mbili kwa kila jina, na sababu kwa sentensi mbili, tena sentensi zisizo na jina la mchezaji wa Ulaya. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Jaribu kumwelezea winga mzuri wa kushoto bila kutaja mtu yeyote wa kwenye televisheni utaona lugha inavyokukimbia, kisha utaona inavyorudi.

Siziweki namba hizo mbele ya wazazi. Baadhi yao hapa wana mashamba ya zabibu na watoto watano, na wakisikia mmoja ni "namba moja" ada ya shule inaanza kuonekana ni hasara. Tumeona watoto wakiacha kidato cha tatu kwa ahadi ya majaribio katika timu fulani ya mjini, majaribio ya siku mbili, nauli ya kwenda tu. Anayetunga orodha na kuisambaza kwenye simu bila neno moja kuhusu uwezekano wa kushindwa ana mkono wake katika hilo, hata kama alitunga kwa mapenzi.

Orodha yangu ya muhula huu ina majina sita tu kwa sababu sikupata la saba nililoweza kulitetea. Wawili ni wasichana. Wa kwanza ni beki wa kulia ambaye kijiwe kizima hakimkumbuki jina, leo 30, kesho 55. Straika wanaomwimba wote nimemweka wa nne: 40 leo, na kesho 45, maana ana kifua cha mtu mzima tayari na sioni kitakachoongezeka. Nafasi ya pili nimeiacha kwa kalamu ya risasi mpaka mvua zinyeshe, nimwone binti yule akicheza kwenye matope.